Mtungi wa Oksijeni Chumbani mwa Mzee

Kisumu, wazee wetu wengi hawalelewi kwenye makao ya wazee. Mzee aliyechoka mapafu akiruhusiwa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado huiita Russia, hurudi nyumbani, na mtungi wa oksijeni humfuata. Tangu siku hiyo chumba chake ni wodi, na binti au mkaza mwana ndiye muuguzi.

Oksijeni yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kuuchochea moto. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, ya mtungini inakaribia 100. Huvuja taratibu kando ya mrija wa puani, ikajificha kwenye blanketi, nywele na ndevu. Hapo cheche ambayo ingejizimikia hugeuka mwali kabla hujanyoosha mkono. Basi jiko la makaa, koroboi na mshumaa vikae mbali, angalau meta 3. Sigara isiingie kabisa. Kufunga mtungi dakika moja kabla ya kuvuta hakusaidii, kwa kuwa nguo bado zimeshika oksijeni.

Kinachosahaulika mno ni mafuta. Pua ya mzee hukauka, nasi kwa mapenzi tunampaka mafuta ya mgando. Mafuta hayo moto ukitokea ni kuni. Ulizia jeli ya maji kwenye duka la dawa. Regulata nayo isipakwe grisi hata ikigoma kufunguka, maana gesi iliyo ndani ya mtungi uliojaa imeshindiliwa zaidi ya mara 50 ya upepo wa tairi la gari, na grisi ikikutana nayo inaweza kuwaka. Mtungi ufungwe ukutani kwa mnyororo.

Tena, wingi si dawa. Mama ambaye mapafu yake yameharibiwa na moshi wa miaka mingi ya kubanika samaki akizidishiwa oksijeni, hewa chafu inaweza kujaa damuni, akalala usingizi mzito asiamke. Wagonjwa wa namna hiyo madaktari huwalengea oksijeni ya damuni ya asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidole. Jamaa akiona 90 huogopa, akafungua zaidi. Usifungue, mpigie daktari.

Mvua ya ziwani ikija na stima ikapotea, mashine inayochuja oksijeni hewani, kwa wanaoitumia badala ya mtungi, huzimika, kwa hiyo mtungi wa akiba ni lazima. Mtungi wa lita 6,800 ukitoa lita 2 kwa dakika hudumu saa 56 hivi. Piga hesabu yako mapema, na leo usiku kabla ya kulala, ingia chumbani mwa mzee uangalie jiko limewekwa wapi.