Chora Chungu Kama Ukionavyo

Mtu akiambiwa achore, mara huwaza simba au gari. Ndugu msomaji, wewe anza na chungu. Chungu hakicheki wala hakiendi zake. Kikalishe juu ya ngata karibu na mlango, mwanga ukiingia upande mmoja tu, na kando yake weka ndizi mbili.

Sasa tazama kabla ya kugusa karatasi. Wajua ya kuwa mdomo wa chungu ni duara. Lakini ukikaa mbele yake, jicho halioni duara. Laona umbo la yai lililolazwa. Hapo ndipo wengi hupotea, wakubwa kwa watoto: huchora wanalolijua, wakaacha wanaloliona. Kivuli nacho usikisahau, maana bila kivuli chungu huelea hewani.

Tafuta karatasi ya kaki. Rangi yake ndiyo mwili wa chungu. Chaki nyeupe ni ya pale mwanga unapopiga, na kipande cha makaa ni cha kivuli. Ubaya wa chaki ni vumbi. Basi ichovye katika maji ya sukari, uchore ingali mbichi. Rangi hukolea na vumbi hupungua. (Picha hiyo iweke mbali na sisimizi!)

Pasteli za mafuta, zilizoanza kutengenezwa Japani katika miaka ya 1920, hazina vumbi, ila bei yake si ya mchezo. Kwa hiyo nasema, zoea chaki kwanza. Ukizipata, tangulia na rangi nyepesi, kama manjano ya ndizi, kwani nyeusi ikitangulia huchafua zote. Changanya kwa kidole. Usipake chaki juu yake, haishiki. Tena hazikauki kabisa: ifunike picha kwa karatasi safi, mbali na jua.

Wala si kazi ya kitoto. Jean-Siméon Chardin wa Ufaransa (1699–1779) alipata sifa kwa kuchora sufuria za shaba na bilauri ya maji. Uzeeni, macho yalipomsumbua, alishika pasteli za chaki, na mwaka 1771 akajichora nazo, miwani puani.

Mama akikihitaji chungu chake kabla hujamaliza, mpe mara moja. Ila kwanza izungushie ngata alama ya chaki, ili kesho kirudi pale pale.