Deni Likikushinda, Usimkimbie Mkopeshaji

Na Karani wa Kilimo, Mukuyuni

Mkulima akopapo fedha huweka rehani vitu viwili. Cha kwanza ni mali yake, kama hati ya shamba. Cha pili ni jina lake. Wengi hukumbuka cha kwanza na kusahau cha pili. Ninyi mlio katika skimu za makazi mwalijua neno hili tangu zamani, kwa kuwa mpango wa ekari milioni moja ulipoanza 1962, watu wengi walipewa mashamba kwa mkopo, na deni likafuata shamba mpaka lilipolipwa.

Siku hizi jina la mdeni huandikwa katika ofisi za kumbukumbu za mikopo, ambazo watu huziita CRB. Hizo ni kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya, kama Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kila benki hupeleka huko habari za wadeni wake, wanaolipa vizuri na wasiolipa. Kesho ukitaka fedha za mbegu au za tangi la maji, mkopeshaji atasoma habari hizo kwanza. Sheria haimkatazi kumkopesha mtu aliyeandikwa vibaya, lakini wengi hukataa, au humtoza riba kubwa zaidi.

Basi, mvua ya vuli ikikosekana, au bei ya maembe ikianguka, ufanye nini? Watu wengine huzima simu. Hilo ni kosa kubwa. Deni likipita siku 90 bila kulipwa, benki hulihesabu kuwa deni bovu. Kabla ya kupeleka jina lako CRB yapasa ikupe taarifa siku 30 mbele. Siku hizo ndizo nafasi yako, na mtu aliyezima simu haipati taarifa. Afadhali zaidi usingoje hata taarifa hiyo. Nenda mara uonapo kwamba malipo ya mwezi ujao hayatapatikana.

Fuata mambo haya kwa utaratibu:

1. Jua deni lako. Omba taarifa ya mkopo iliyoandikwa, ionyeshe fedha ulizokopa, riba, faini, na ulizokwisha kulipa. Omba pia ripoti yako ya CRB, kwa maana kila mtu ana haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Ukiona kosa ndani yake, lalamika kwa maandishi.

2. Peleka hesabu, usipeleke kilio tu. Tuseme mkulima amebakiwa na Shs. 60,000, naye hutakiwa kulipa Shs. 6,000 kila mwezi. Ni mwezi wa Julai, na ghala ni tupu. Ndengu zake atavuna Januari na kuuza Februari, na maembe atauza mpaka Machi. Aweza kusema: "Nitalipa Shs. 2,000 kila mwezi toka Agosti hadi Januari, yaani Shs. 12,000. Kisha nitalipa Shs. 24,000 Februari, na Shs. 24,000 Machi." Jumla ni Shs. 60,000. Kuchelewa huongeza riba, kwa hiyo na aulize ni kiasi gani kabla ya kukubali.

3. Usiahidi usichoweza. Ahadi ndogo inayotimizwa hulinda jina kuliko ahadi kubwa inayovunjwa. Toa kwanza chakula cha nyumbani, karo na mbegu. Kinachobaki ndicho cha kuahidi.

4. Pata barua. Maneno ya afisa wa mikopo peke yake hayatoshi, kwani kesho aweza kuhamishwa. Usilipe fedha mkononi mwa mtu. Lipa katika akaunti na utunze risiti. Kama mkopo ni wa chama cha akiba na mikopo, waambie wadhamini wako mapema.

Yafaa ujue pia kwamba benki nayo ina mipaka. Kwa sheria ya mabenki iliyotumika tangu 2007, deni likiwa bovu, riba inayodaiwa toka hapo haiwezi kuzidi fedha zilizobaki siku ile. Kama zilibaki Shs. 60,000, riba isizidi Shs. 60,000, mbali na gharama za kudai. Ikiwa ni shamba lililowekwa rehani, Sheria ya Ardhi ya 2012 yataka mdeni apewe kwanza taarifa ya siku 90 alipe, kisha taarifa nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Mume au mke naye apewe nakala. Zihesabu siku hizo vizuri, na uzitumie kwa kuzungumza.

Wako wanaongojea msamaha wa serikali. Ni kweli kwamba Novemba 2022 Benki Kuu ilikubali mpango wa mabenki kupunguza nusu ya madeni mabovu ya simu ya siku 30 au chini ya hapo. Mpango huo ulikwisha Mei 2023. Usipange maisha yako juu ya jambo lililokwisha pita.

Neno la mwisho ni hili. Deni lililokuwa bovu halifutiki katika kumbukumbu siku ile ulipapo. Huandikwa kuwa limelipwa, lakini habari zake hukaa miaka 5. Ni misimu 10 ya mvua kwetu Ukambani. Lakini ukikubaliana na mkopeshaji kabla siku 90 hazijapita, na ukalipa kama mlivyopatana, kwa kawaida deni haliandikwi kuwa bovu.

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, na asiye na fedha leo na aende leo kupanga siku ya kulipa.