Kasi ya Vidole na Sauti ya Mpigaji

Usukumani, kutoka vijiji vya Shinyanga mpaka Geita, msimu wa mashindano ya ngoma huanza mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia mwezi wa sita. Makundi mawili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja: huku Bagika, kule Bagalu. Hakuna jaji mwenye kalamu wala meza ya alama. Watazamaji wako huru kuhama, na wanahama kweli, tena kwa mbio, wakisikia upande wa pili umepamba moto. Jua likizama, kundi lililobaki na umati mkubwa ndilo lililoshinda. Mapokeo yanasema vyama hivi vilitokana na wacheza ngoma wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa mahasimu wa sanaa na wa dawa. Hadi leo manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kundi, anajiandaa kwa dawa ya mvuto, kwa mavazi, kwa vituko vya nyoka na fisi, na kwa nyimbo mpya alizozitunga mwaka mzima.

Sura hii ni ya gitaa, lakini uwanja huo unatufaa. Una jibu la swali linalowagombanisha wapenzi wa muziki kila kijiwe, Kahama kama Katoro: mpiga gitaa hodari anajulikanaje?

Jibu la haraka huwa ni vidole. "Sikia jamaa anavyoteremka!" Kasi ina nguvu kwenye ubishi kwa sababu inahesabika. Wimbo ukienda mapigo 120 kwa dakika, na mpiga solo akigawa kila pigo mara nne, anatoa noti 8 kila sekunde. Mwendo ukipanda hadi mapigo 150, noti zinakuwa 10. Yeyote mwenye saa anaweza kuwapima wapigaji wawili na kutaja mshindi. Uchungu ulio ndani ya noti moja iliyovutwa hauna saa ya kuupima, kwa hiyo kwenye mabishano unawekwa kando kana kwamba ni suala la ladha tu.

Hata hivyo sikio lenyewe lina mipaka yake. Mlio mfupi ukirudiwa polepole, tunasikia milio iliyotengana. Ukirudiwa mara 20 hivi kwa sekunde au zaidi, sikio linaacha kuitenganisha na kuanza kusikia mvumo mmoja. Ni nadra mpigaji kufika huko kwa noti zake, lakini kadiri anavyosogelea mpaka huo ndivyo kila noti inavyopoteza sura yake: ilianza kwa nguvu au kwa upole, ilikatwa au iliachwa ife yenyewe. Ukumbi nao huongeza tatizo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Katika baa ya mabati, ukuta ulio mita 17 kutoka jukwaani hurudisha mwangwi baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mtu anayepiga noti 10 kwa sekunde mahali kama hapo anapiga kila noti juu ya mwangwi wa ile iliyotangulia. Jasho linamtoka, na msikilizaji wa meza ya nyuma anapata uji. Mpigaji mzoefu wa kumbi za aina hiyo huziachia noti nafasi, na hilo ni ufundi, ingawa kwa mtazamaji anayekodolea mkono linaonekana kama uvivu.

Kabla ya kwenda mbali zaidi na mizani hii ya kasi, tumsikilize mtu mmoja ambaye asili ya watu wake iko karibu na Geita kuliko wengi wanavyojua. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa misafara na wawindaji wa tembo kutoka Unyamwezi na Usumbwa walivuka kwenda Katanga. Sehemu ya Usumbwa leo imo mkoani Geita, huko Bukombe na Mbogwe. Kiongozi wao, Msiri, alijenga dola iliyosimama kwa shaba, pembe na bunduki, makao yake yakiwa Bunkeya, hadi alipouawa mwezi Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs. Wafuasi wake wakaitwa Bayeke. Mwaka 1930 hivi, huko huko Bunkeya, alizaliwa Mwenda Jean Bosco, aliyejitambulisha kwa fahari kuwa ni Mwenda wa Bayeke.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta kijana huyu Jadotville, mji wa migodi ambao leo unaitwa Likasi. Bosco alikuwa na gitaa kavu, halina umeme, na aliimba Kiswahili cha Katanga. Kipande chake kiitwacho "Masanga" kilisambaa mbali, na baadaye yeye mwenyewe akafika Nairobi na kupiga huko. Ukikisikia mara ya kwanza unaamini watu wawili wanapiga, tena kwa kasi kubwa. Anayepiga ni mmoja, kwa vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba linashika nyuzi nene, cha shahada kinatembea juu na wimbo. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alikaa akauandika upigaji huo noti kwa noti. Ukiufuata polepole, unakuta hakuna kidole kinachokimbia. Gumba lina mwendo wake, shahada ina mwendo wake, na mahali miendo hiyo inapopishana sikio linazalisha msongamano ambao hakuna mkono ulioufanya. Tunachokiita kasi ya Bosco ni mpangilio.

Kuna jambo lingine katika "Masanga" ambalo naliona ndilo kiini cha sura nzima. Kipande kile ni mzunguko mfupi unaorudi na kurudi. Kila unaporudi, kitu kidogo kimebadilika: noti imeingia mapema, nyingine imeachwa, msisitizo umehamia uzi mwingine. Umeshaanza kuuzoea, na hapo hapo unajikuta unasubiri atafanya nini raundi ijayo. Ndivyo manju anavyouzuia umati wake usihame. Kishindo cha mwanzo, nyoka shingoni au vidole vinavyometa, huwavuta watu waje. Kuwafanya wakae mpaka jioni ni kazi nyingine, na umati wa Usukumani hauhesabiwi mchana ngoma inapopamba moto mara ya kwanza. Unahesabiwa mwishoni.

Kwa mizani hiyo, ubishi mkubwa wa magitaa ya Kongo unaeleweka vizuri zaidi. Kinshasa ya miaka ya 1950 na 1960 nayo ilikuwa na Bagika na Bagalu wake. Upande mmoja Nico Kasanda wa African Jazz, baadaye African Fiesta, aliyepewa jina la Docteur: noti safi, ndefu, zinazotiririka, na mkono mwepesi kweli. Upande wa pili Franco wa OK Jazz, bendi iliyoanzishwa 1956: nyuzi mbili zikibanwa na kudonolewa pamoja kwa gumba na shahada, mlio mkavu wenye ncha, sentensi fupi inayorudiwa bila huruma. Ukiwapima kwa saa, Nico anaonekana mbele. Lakini Franco, kwa zile sentensi zake fupi, alishikilia wasikilizaji kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi kifo chake mwaka 1989. Simshushi Nico hata kidogo. Kasi yake ilikuwa sehemu ya usemi wake, na alijua pia kuubembeleza uzi mmoja taratibu mpaka ukaimba. Ninachokataa ni kumwita Franco mpigaji wa daraja la pili kwa sababu mkono wake haukuwa na haraka.

Huku kwetu muziki wa dansi ulikuwa na namna yake ya kushindana, na haikuwa kasi. Kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo. Tabora Jazz, waliokuwa jirani na Shinyanga kwa njia ya reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, walikuwa na Segere Matata. NUTA walikuwa na Msondo, Mlimani Park wakawa na Sikinde. Mpiga solo aliulizwa kama ameubeba mtindo, kama gitaa lake linatambulika redioni kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa 1944 na kufa kwa ajali ya gari mwezi Januari 1979, alitambulika kwa noti tatu. Solo zake katika Morogoro Jazz na Super Volcano zinafuata pumzi ya mwimbaji, naye mara nyingi alikuwa ndiye mwimbaji: gitaa linauliza pale sauti ilipoishia, linasita, linajibu. Ndala Kasheba alikwenda njia nyingine, akabeba gitaa la nyuzi 12, ambalo kila mlio wake unatoka kwa nyuzi mbili zilizopangwa jozi. Chombo hicho hakipendi mbio, kwa kuwa jozi zinatapakaa zikipigwa harakaharaka. Yeye alitafuta upana, na akaupata.

Kasi ilipanda bei miaka ya 1980 kutoka Paris, Kanda Bongo Man alipoiondoa sehemu ya taratibu iliyozoeleka mwanzoni mwa nyimbo na kuingia moja kwa moja kwenye sebene, ile sehemu ya mbio inayotawaliwa na magitaa. Mpiga gitaa wake, Diblo Dibala, akabandikwa jina la Machine Gun. Dibala ni fundi wa kweli, kwa sababu ndani ya mvua ile ya noti kuna sentensi zenye mwanzo na mwisho. Waliomwiga, wengi wao, walichukua mvua tu. Tangu hapo kijana anayejifunza peke yake anaanza na sebene, na anaweza kufika ukubwani hajawahi kusindikiza ubeti mmoja wa taratibu.

Umati nao hukosea, na ni lazima nikiri kwamba mizani ya Usukumani si kamili. Katika miji ya dhahabu, siku duara, yaani shimo la wachimbaji, lilipotema dhahabu, anayetunzwa kwa noti za elfu kumi kumi jukwaani huenda ni yule aliyelipiga gitaa kisogoni. Pesa hizo zinapima furaha ya usiku mmoja. Uwanja wa Bagika na Bagalu unawapa watu muda wa kuchoka, na hapo unauzidi ukumbi wa baa.

Siku hizi nyimbo nyingi za Kisukuma zinazosikika kwenye bodaboda za Geita hutengenezwa studio, na prodyuza anaweza kuuongeza mwendo wa gitaa kwa kugusa kitufe. Kompyuta hupiga noti 30 kwa sekunde bila kukosea. Kama ushahidi wa ufundi, kasi imepungukiwa. Teknolojia hiyo hiyo, kwa bahati, inaweza kupunguza mwendo hadi nusu, na hilo ni zoezi ninalompa kila anayetaka kumpima mpiga solo. Punguza, kisha usikilize miisho ya noti badala ya mianzo. Je, kila noti imekatwa pale alipotaka ikatwe, au imekatika kwa kuwa kidole kiliwahi kuondoka? Nafasi iliyo kati ya sentensi mbili, aliiacha au ilimponyoka? Raundi ya nane ina kitu ambacho ya pili haikuwa nacho? Anza na Bosco, kisha Mbaraka, kisha mpigaji yeyote unayemshabikia.