Ngoma Si Mchezo wa Bure

Wako miongoni mwetu wadhanio kwamba mcheza ngoma ni mtu wa kupoteza wakati, na kwamba kazi ya kweli ni ya jembe na nyundo tu. Sisi hatukubaliani nao. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Bibi Katherine Dunham, Mmarekani mweusi, aliyeifanya ngoma kuwa kazi, elimu na silaha.

Bibi Dunham alizaliwa mwaka 1909 katika jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa na biashara ya udobi mjini Joliet, na binti huyo alionja kazi hiyo tangu utoto. Baadaye alisomea elimu ya mila za watu katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1935 akasafiri kwenda Jamaika, Martinique, Trinidad na Haiti. Huko hakukaa pembeni akitazama. Aliingia uwanjani akacheza na wenyeji, akaona kwamba ngoma zilizoitwa ushenzi zilikuwa zimehifadhi urithi wa Afrika katika miili ya wajukuu wa watumwa.

Urithi huo aliupeleka Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya michezo mjini New York. Mwaka 1940 alicheza katika Cabin in the Sky, akashirikiana na George Balanchine kutunga ngoma zake. Mwaka 1943 kundi lake mwenyewe likapanda jukwaa huko kwa onyesho la Tropical Revue. Watu walipiga makofi. Lakini makofi si haki.

Mwaka 1944, mjini Louisville, weusi na weupe walitengwa viti. Onyesho lilipokwisha, Bibi Dunham aliwaambia watazamaji waziwazi kwamba hatarudi maadamu ubaguzi ule unadumu. Mwaka 1950 hoteli moja mjini São Paulo ilimnyima chumba kwa sababu ya rangi yake. Hakunyamaza, jambo hilo lilivuma nchini kote, na mwaka 1951 Brazil ikatunga sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi. Mwaka huo huo, mjini Santiago, Chile, alionyesha Southland, mchezo juu ya mtu mweusi anayeuawa na kundi la weupe bila hukumu. Wakubwa wa Marekani hawakupendezwa. Yeye, ambaye kundi lake liliishi kwa kiingilio cha mlangoni bila ruzuku ya serikali, alijua gharama ya ukweli huo, akailipa.

Uzee haukumpumzisha. Kuanzia mwaka 1967 alifundisha ngoma vijana maskini wa East St. Louis. Mwaka 1992, akiwa na miaka 82, alikaa siku 47 bila kula, kupinga wakimbizi wa Haiti kurudishwa kwao na serikali ya Marekani. Alifariki mwaka 2006.

Basi, ndugu zetu, tujiulize: mtu wa namna hii alikuwa akicheza tu? Sisi twasema alikuwa kazini. Mwili wake ulikuwa chombo chake cha kazi, kama cherehani kwa fundi, na hakukubali ufurahiwe jukwaani huku ukidharauliwa mlangoni. Mfanyakazi yeyote ajuaye thamani ya jasho lake atamtambua Bibi huyu kuwa mwenzake.