Nyuki si Mawindo, ni Mifugo

Sote twaijua methali ya wazee wetu, "Fuata nyuki ule asali." Lakini katika mapori ya Handeni na Korogwe wako waliowafuata nyuki kwa mwenge wa moto, wakala asali mara moja, wasiione tena. Mrina asali akichoma pango la mti usiku, nyuki huungua pamoja na majana yao. Pengine mti nao huanguka, na moto hushika majani makavu. Mwaka wa pili arudipo, hakuti nyuki wala mti.

Hasara hiyo si yake peke yake. Tazameni boga shambani: ua dume na ua jike ni mbalimbali, na chavua yake ni nzito, haichukuliwi na upepo. Nyuki wasipoileta, kitoto cha boga hunyauka kikaanguka. Ndivyo yalivyo matango na matikiti. Basi auaye nyuki apunguza chakula cha jirani asiyeionja hata asali ile. Tena Handeni mvua hukatika mara nyingi na mahindi kukauka. Mwaka kama huo, asali ya kuuza yaweza kununua unga.

Kwa hiyo yafaa tuwafuge. Mizinga ya magogo ya baba zetu hudumu miaka mingi. Ila ile ya magome yaua miti, kwa kuwa mti ukivuliwa gome pande zote, chakula kitokacho katika majani hakifiki tena mizizini. Siku hizi wako watumiao mzinga wa sanduku, wenye vibao vilivyolazwa juu yake, kila kimoja upana wa milimita 32. Nyuki hujenga sega moja katika kila kibao, na mfugaji huinua kimoja kimoja. Sega la asali lililofunikwa kwa nta hulitwaa. Lenye majana hulirudisha. Na asali kiasi huwaachia nyuki kwa siku za ukame. Moshi kidogo watosha. Mzinga na utundikwe kwa waya uliopakwa grisi, siafu wasiingie, mbali na nyumba na njia, karibu na maji.

Je, kundi likiingia darini mwa nyumba au shule? Walimu, msiwaache watoto walitupie mawe, wala msinyunyize sumu. Waondoeni watoto, mkamwite mfugaji. Yeye huja jioni na mavazi ya kujikinga, hukata masega yenye majana, huyafunga kwa uzi katika vibao vya mzinga, kisha humtafuta malkia. Malkia akiisha kuingia, wenziwe humfuata. Hivyo watoto wamesalimika, na nyuki wamesalimika.

Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki mwaka 1998, na Sheria ya Ufugaji Nyuki ikatungwa mwaka 2002. Lakini sheria haiwezi kukesha chini ya kila mbuyu. Kazi hiyo ni ya nyumba zetu. Mwenye shamba anyunyize dawa jioni, nyuki wakiisha kurudi. Mkata mkaa aiache miti yenye mapango. Mrina naye auzime mwenge. Nyuki mtenda kazi, wakati wa maua mengi, huishi majuma sita hivi tu, na asali ya maisha yake yote haijazi kijiko cha chai. Haifai tumlipe kwa moto.