Waya au Plastiki: Hesabu ya Meno Yangu kati ya Thika na Ruiru

Nina karatasi mbili mezani. Moja nimepewa Thika, katika kliniki ya ghorofani karibu na steji ya matatu. Nyingine nimepewa Ruiru, upande wa Kamakis. Ya kwanza inasema waya za chuma, juu na chini, shilingi 90,000. Ya pili inasema alaina, yaani vile vifuniko vya plastiki angavu ambavyo mtu anavivaa na kuvivua mwenyewe, shilingi 320,000. Ukizitazama hivyo tu, huoni haja ya kuendelea kufikiri. Tofauti ya 230,000 ni karo ya bweni ya miaka kadhaa.

Nina miaka 41. Naishi Ruiru na kazi yangu iko Thika. Meno yangu ya mbele ya chini yamepandana, na jino moja la juu limejitokeza pembeni kama mtu anayechungulia dirishani. Tangu sekondari nacheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Nikisema nataka kupanga meno, naulizwa, "Umri huo?" Jibu ni kwamba jino husogea katika umri wowote, mradi mfupa na fizi zinazolishikilia ni nzima. Kile ambacho mtu mzima hana tena ni ukuaji wa taya. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuongozwa taya lake likiwa bado linakua. Kwangu mimi, tatizo lingekuwa la taya lenyewe, mazungumzo yangehamia kwenye upasuaji. Bahati nzuri langu ni la meno tu.

Nilirudi Thika na karatasi yangu ya 90,000 kuuliza ina nini ndani. Dada wa mapokezi alinijibu kwa upole, "Mama, hiyo ni ya kuwekewa tu." Kila mwezi nikirudi kukazwa ni 3,000. Matibabu yangu yalikadiriwa miezi 18, kwa hiyo hapo pana 54,000. Picha za eksrei 5,000. Mwisho, waya zikishatolewa, riteina za kuzuia meno yasirudi yalikotoka, 20,000. Jumla 169,000. Kliniki ya pili, hapo hapo Thika, ilikuwa imenitajia 150,000 nikaiona ghali nikatoka. Kumbe bei yao ilikuwa na picha na ziara zote ndani, kasoro riteina tu. Jumla 170,000. Zile mbili zilikuwa sawa tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba moja ilisema ukweli wake wote siku ya kwanza.

Basi nikaihoji pia karatasi ya Ruiru. Ndani ya 320,000 kulikuwa na kupigwa skana ya mdomo, alaina zote, jozi ya kwanza ya riteina, na lile nililolipenda zaidi: alaina za nyongeza ikiwa meno hayatafuata mpango. Uliza hili kabla ya jingine lolote, kwa sababu meno kutofuata mpango hadi mwisho ni jambo la kawaida, na mahali pengine nyongeza hulipiwa upya. Kwa hiyo hesabu halisi ni 170,000 kwa 320,000. Swali langu likawa: hizo 150,000 zinanunua nini?

Hazinunui meno mazuri zaidi, na hili nataka lieleweke. Kampuni ya Marekani iliyoanzisha Invisalign ilianza mwaka 1997, na tangu hapo teknolojia imepiga hatua kubwa. Hata hivyo, kuzungusha jino la mviringo, kushusha jino lililobaki juu, au kufunga nafasi ya jino lililong'olewa, ni kazi ambazo waya mara nyingi huzifanya kwa uhakika zaidi. Kwa msongamano mdogo kama wangu, zote mbili zinaweza. Zile 150,000 zinanunua kutoonekana, tena si kabisa, maana daktari hubandika vinundu vidogo vya rangi ya jino ili plastiki ipate pa kushika. Zinanunua kupiga mswaki bila kuhangaika na vyuma. Zinanunua kula chochote, kwa sababu unavua kwanza.

Na hapo kwenye kuvua ndipo nilipokaa muda mrefu. Alaina hutakiwa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Ukivaa 22, umebakiwa na dakika 120 za kula na kunywa kila kitu isipokuwa maji, kwa sababu chai moto hupinda plastiki na kuitia rangi. Sasa nihesabie siku ya mtu wa kwetu. Kiamsha kinywa dakika 25. Chai ya saa nne 15. Chakula cha mchana 40. Chai ya saa kumi 15. Chajio 40. Hizo ni 135, na bado sijapiga mswaki kabla ya kurudisha, jambo linalotakiwa kila mara. Weka dakika tano kwa kila mlo: 160. Nimeshapitisha dakika 40, na sijanunua njugu kwenye foleni pale Juja.

Kuna pia suala la tishu. Ofisini kwetu kuna kijana anayevaa alaina. Siku moja tulikuwa kibandani tukila githeri. Alivua, akazifunga ndani ya karatasi ya tishu kando ya sahani, tukala, tukaondoka. Tuliporudi mbio, mama wa kibanda alikuwa ameshafuta meza. Tulipekua ndoo ya maganda na mabaki mpaka viwiko, hatukuzipata. Alilazimika kuruka jozi ile na kuvaa inayofuata kabla ya wakati wake, akiumwa. Daktari wake anamwambia ni njia ya kawaida kabisa ya kuzipoteza. Ukiamua alaina, kijaluba chake kikae mfukoni kama kitambulisho.

Nikafanya jaribio ambalo halikunigharimu hata senti, na ningependa kila anayefikiria alaina alifanye kabla ya kulipa. Kwa wiki mbili niliwasha saa ya simu kila nilipoanza kula au kunywa chai, nikaizima baada ya kupiga mswaki. Siku za kazi zilinipa kama saa tatu. Jumapili, baada ya kanisa, na shangazi wamekuja, na birika limerudi jikoni mara ya tatu, ilikaribia saa tano. Mtu anayekaa saa tano bila alaina hana matibabu, ana plastiki ya bei ghali. Meno hubaki nyuma, jozi inayofuata haikai, wiki zinaongezeka.

Pesa zenyewe zinaingiaje? Kliniki ya pili ya Thika inataka 50,000 mwanzo, kisha 100,000 igawanywe kwa miezi 18, kama 5,600 kwa mwezi. Ya alaina inataka asilimia 60 kabla ya kuagiza, yaani 192,000. Ningelazimika kukopa Sacco. Kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwenye salio linalopungua, 320,000 kwa miezi 24 inazaa riba ya 40,000. Bima ya kazini nimeisoma hadi mwisho: upangaji wa meno umo katika orodha ya visivyolipiwa, kama ilivyo katika bima nyingi. SHA, bima ya afya ya serikali, sikuiweka kwenye hesabu.

Sipendi pia kulipa pesa nyingi kabla ya kazi. Kule Marekani kampuni ya SmileDirectClub, iliyouza alaina kwa posta bila mgonjwa kukaa mbele ya daktari, ilifungwa Desemba 2023. Wateja waliachwa katikati ya matibabu, na waliokuwa wakilipa kwa awamu wakaambiwa waendelee kulipa. Ndiyo maana naamini kwamba mtu hanunui waya wala plastiki. Ananunua macho ya daktari yanayotazama jino lake mwezi baada ya mwezi. Nilitafuta majina ya madaktari wangu katika rejista ya KMPDC, baraza linalowasajili, kuona nani ni bingwa wa kupanga meno na nani ni daktari wa meno wa jumla. Kisha niliuliza: bingwa anakuja siku gani? Katika miji yetu mabingwa wengi huzunguka. Waya ikichomoka Ijumaa na bingwa huja Alhamisi tu, unataka kujua nani atakukata ile ncha inayochoma shavu. Pia omba nakala za picha na skana zako. Ni za mdomo wako.

Mambo mawili bado. Kwanza rangi. Wengi wetu tuliokulia kwa maji ya visima sehemu za Kati na Bonde la Ufa tuna madoa ya kahawia yaliyoletwa na floraidi meno yalipokuwa yakiumbika. Waya haziyaondoi, alaina haziyaondoi, na juu ya jino la namna hiyo gundi ya kubandikia huweza kushika kwa shida. Kama kinachokuumiza ni rangi, mwambie daktari hivyo kwanza. Huenda huhitaji kupanga chochote.

La pili ni mwanya. Kliniki ya Ruiru walinionyesha kwenye kompyuta meno yangu yatakavyokuwa, yamejipanga safi, nami nikahisi kuna mtu asiyekuwepo. Mwanya wangu wa juu ulikuwa umefungwa. Nimeurithi kwa mama, ambaye alisifiwa kwa mwanya huo ujana wake wote. Hakuna aliyeniuliza. Kompyuta huona nafasi na kuifunga. Pale Thika, daktari nilipomwambia alicheka, akachukua kalamu na kuandika kwenye mpango: mwanya ubaki.

Nimechagua waya za chuma, kwa bei ya 150,000 ya kliniki ya pili ya Thika, na riteina juu yake. Daktari amenikuta na ukoga na fizi zinazotoa damu, na hawezi kusogeza meno juu ya fizi zenye ugonjwa. Kwa hiyo Jumatano naenda kusafishwa, na waya zinasubiri hadi damu ikome. Mahindi ya kuchoma ya pale stejini nitayapukuchua kwa kidole gumba, punje moja moja.