Presha kwa kijana: muombe daktari apime na mguuni

Hapa Mtoni, kijana wa miaka 18 akiambiwa ana presha, watu hawaamini. Presha ni ya wazee, wanasema, huyo ana mawazo ya mitihani tu. Lakini wapo vijana ambao presha yao wamezaliwa na sababu yake.

Aota ni mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Hupanda, ukapinda kifuani, kisha ukateremka kupeleka damu tumboni na miguuni. Wapo watoto wanaozaliwa aota yao imebana, mara nyingi pale inapoanza kuteremka, baada ya kutoa matawi ya kichwani na mikononi. Ukikanyaga mpira wa maji, upande wa mferejini hujaa, upande wa pili maji huchuruzika. Damu nayo ni hivyo hivyo: kichwani na mikononi presha iko juu, miguuni ni dhaifu. Kijana huumwa na kichwa, hutokwa na damu puani, miguu huwa baridi na huchoka upesi akikimbia. Wengine hawasikii chochote.

Hatari kubwa iko ubongoni. Mshipa unaopigwa na presha miaka na miaka huweza kufura mahali pamoja, kama mpira wa baiskeli unaochomoza kwenye tairi lililochakaa. Tena inaaminika kuta za mishipa ya watu hawa ni dhaifu tangu kuzaliwa. Kwa watu wazima wenye aota iliyobana, kiasi cha mmoja kati ya 10 hukutwa na uvimbe huo. Kwa wengine ni wawili au watatu kati ya 100. Aghalabu haupasuki. Ukipasuka, kichwa huuma ghafla kuliko maumivu yoyote aliyowahi kuyapata mtu, shingo hukakamaa, hutapika, pengine huzimia. Hapo hakuna kungoja asubuhi wala kuanzia kwa mganga. Ni hospitali, kwa gari yoyote iliyopo.

Kuushuku ugonjwa huu hakutaki mashine kubwa. Daktari hupima presha mkono wa kulia na mguuni, na hushika mapigo ya kinenani. Presha ya mguuni ikiwa chini sana kuliko ya mkononi, hufuata kipimo cha picha ya moyo. Basi mzazi, usione haya kuomba.

Mwaka 1944 daktari Clarence Crafoord wa Sweden alikata sehemu iliyobana akaunga mshipa. Siku hizi wengine hupanuliwa kwa kipulizo kidogo kinachopitishwa ndani ya mshipa. Kwetu, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam. Aliyekwisha kutibiwa aendelee kupima presha, maana inaweza kurudi, na uvimbe ulioko ubongoni hauondoki kwa operesheni ya kifua.